Jogoo wa Vidole Vilivyopinda

Juzi sokoni Merigi nilimwona mama mmoja akipapasa vidole vya jogoo kabla ya kumnunua, na harufu ya banda la kogo, bibi yangu, ikanirudia puani.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, kogo aliniingiza bandani, akafunga kwa nje kuku wasitoroke. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mvua ilipiga mabati, na mavi ya kuku yaliniwasha pua. Majogoo walikuwa wawili: mwekundu wangu, aliyezoea kula mahindi mkononi mwangu, na mweupe mwenye vidole vilivyopinda.

"Angalia macho, miguu na kifua," kogo alisema. "Halafu unipe yule mzuri kabisa."

Wageni walikuwa njiani, na kwetu mgeni huchinjiwa kilicho kizuri. Nikampitishia mweupe kwenye kidirisha.

"Huyu hana kasoro, kogo."

Hakumpapasa. Aliniamini.

"Basi huyu ndiye atabaki kutupatia vifaranga. Sasa lete yule mwingine, maji yameshachemka."

Nilisukuma mlango nitoroke na mwekundu. Haukufunguka. Leo najua kogo angecheka tu kama ningesema ukweli, lakini siku ile niliogopa kuitwa mwongo kuliko kitu chochote. Mwekundu alikuja mwenyewe, akadonoa kiganja changu akitafuta mahindi. Nikamshika.

Vifaranga walipoanguliwa, kogo alimweka mmoja kiganjani, akapapasa vidole vyake vilivyopinda. Kisha akanishika shavu.

"Maskini mjukuu wangu," akasema. "Kumbe hata wewe huoni vizuri."