Kadi ya Protus

Shikanga aligongea nusu ya Kakamega kadi za saksesi, zile za kutakia watoto heri ya mtihani, na ya ndugu yake mwenyewe hakuwa nayo.

Mihuri alichonganga kwa wembe kutoka kwa soli ya slipa kuukuu: nyota, mshumaa, na ule wa maneno "Mungu Akuongoze". Wiki ya kuelekea mtihani wa kidato cha nne watu walijaa kwa veranda yake pale sokoni. Asubuhi ya maombi ya shule akageuka, meza nyeupe, kadi zote zimeenda. Kimebaki kipande cha karatasi ya manila, na wino umekauka kwa kibati.

"Si nilikuambia weka moja kando?" Rosebella, mke wake, alimuuliza. "Wewe husikiangi."

"Nyamaza kwanza."

"Nikinyamaza itajigonga?"

Protus, huyo mdogo wake, alikuwa amempigia kwa simu ya mwalimu. Akamwambia huko shuleni kadi zinaitwanga mbele ya watu wote, na akikosa yake, anaachana na mtihani aende Malinya kuchimba dhahabu na rafiki yake Titus. Shikanga akawaka. "Enda basi, shimo halikatai mjinga." Akakata simu. Sasa tangu mama yao azikwe, mwingine wa kumletea huyo kijana kadi alikuwa nani?

Akachukua mafuta ya taa ya koroboi, akamwaga kwa wino. Angeweka maji, manila ingejikunja, na hakuwa na nyingine. Wino ukaamka. Akagonga nyota, mshumaa, maneno. Ndani akaandika kwa biro: "Protus, mdomo wangu usiufuate. Kaa ufanye mtihani. Niko na wewe tu." Akaitia kwa bahasha ikiwa mbichi, akakimbia.

Alipofika holini, mwalimu alikuwa anaita majina. Shikanga akapenya, akampa mwalimu bahasha. Protus alipoitwa alikuja mbele mbio, akacheka kidogo, akaifungua hapo hapo.

Mafuta yalikuwa yametembea. Nyota na mshumaa zimekuwa doa moja la bluu, na biro yote imeyeyuka. Harufu ikapanda.

"Wee Protus, hiyo ni kadi ama tambara la stovu?" mmoja akauliza, na safu nzima ikacheka.

Protus akatoka nje. Shikanga akamfuata mpaka getini, na hapo Titus alikuwa amekaa juu ya pikipiki, injini inanguruma.

"Kuna maneno ndani," Shikanga akasema.

"Yako wapi?"

"Nimeyaandika, mdogo wangu. Nimeandika..." Huo mdomo unaotukananga mpaka makanga wa matatu ukakwama.

"Ulitaka wanicheke. Sema tu."

Shikanga akamshika shati begani. Vidole vikaacha alama tano za bluu kwa nyeupe. Protus akaziangalia, akautoa huo mkono polepole, akamrudishia kadi, akapanda nyuma ya Titus.

"Nimeandika ukae," Shikanga akasema, lakini pikipiki ilikuwa imeshaondoka.

Akaikimbilia. Akaifungua kadi akikimbia, kana kwamba kuna kitu cha kusoma, na akayasema kwa sauti yote, lile la mdomo, lile la mtihani, lile la niko na wewe tu, mpaka pumzi ikamwishia na shati la shule likapotea kwa kona, na zile alama tano begani.