Duara Jeupe Juu ya Pikapu

Muthoki wa mji wetu wa Kabati alikaa na Kiema miaka saba bila mbuzi hata mmoja kwenda kwao. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari zake hukimbilia droni yake, ile kamera ya kuruka. Wanauliza iligharimu ngapi, kama inaona ndani ya nyumba, kama ni kweli alimpiga picha mchungaji akioga. Wanasahau kwamba mwanamke huyu alikuwa akingojea kitu kimoja. Alingojea ntheo, mbuzi watatu ambao mwanamume hupeleka kwa wazazi wa msichana. Bila hao, kwetu Ukambani, wewe si mke wa mtu hata ukimzalia kumi.

Na alimzalia. Muthoki alimwita msichana wao Mutindi, jina la mama yake Kiema, kama afanyavyo mke yeyote wa huku. Yule mama alilipokea jina kwa vigelegele, akambeba mtoto soko zima akimwonyesha. Kupokea jina hakugharimu mbuzi.

Mimi ni Wayua, mwenye duka la nguo mkabala na studio ya Muthoki. Yeye hupiga picha za harusi, mazishi, na ntheo za watu wengine, nyingi mpaka anamjua mbuzi wa kuazima kwa kumtazama mara moja. Alipopata leseni ya droni alihitaji msaidizi, kwa sababu anayerusha huikodolea macho skrini, na lazima awepo mtu wa pili wa kukitazama chombo chenyewe angani kisije kikagonga waya wa stima. Mtu huyo nilikuwa mimi. Miaka minne aliniita dada, na nilipenda kuitwa hivyo.

Kazi kubwa ilikuwa Disemba. Siku hizi watu wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa wamepata wazimu wa taa. Wanazizungusha kwenye paa, kwenye tangi la maji, kwenye lango, mpaka kwenye banda la kuku. Halafu wanataka kujiona kutoka juu. Muthoki alikuwa bingwa wa taa. Alijua kwamba ukingoja giza liingie kabisa utapata vidoa tu, kama jivu lenye makaa. Ni lazima upige jua likishazama na mbingu ikiwa bado na ubuluu, na huo ni muda wa dakika ishirini, hauongezwi hata ukilia. Tena aliwaambia wenye nyumba wazuie taa zisimetamete, kwa sababu huichanganya kamera. Walinuna, maana kumetameta ndiko walikolipia.

Kiema alikuwa dereva wetu. Pikapu ile ilinunuliwa kwa pesa za maembe yake na harusi za Muthoki, na juu ya paa Muthoki alipaka duara kubwa jeupe ili droni itue pale tukiwa mahali penye vumbi. Vijana wa stendi walimtania Kiema kwamba amewekewa alama ya kupigwa kombora. Alicheka nao. Ni mtu wa kucheka, Kiema, hilo siwezi kumnyima.

Mwaka huo alikuwa ameahidi. Alisema mbele yangu, akinywa chai dukani kwangu: "Disemba hii, mama Mutindi. Mbuzi nimeshawaona." Jioni ile Muthoki alifunga studio mapema akaenda kwao Tulia kumwambia baba yake apalilie uwanja.

Tarehe ishirini na mbili tukapata kazi Kalamba, kule Makueni, kwa mtu anayeitwa Evanson. Kiema akasema hawezi kutupeleka, ana maembe ya kushusha Emali. Evanson akatutumia gari na dereva.

Huyo Evanson alikuwa ameviringisha taa kwenye michungwa yake yote, mstari baada ya mstari, mpaka shamba likafanana na hoteli. Jua lilipozama Muthoki alirusha. Mimi nikainua shingo, nikakifuata kile kinukta chekundu cha taa ya droni. Alizunguka nyumba, akapita juu ya michungwa taratibu, kila kitu sawa. Ndipo Evanson, kwa kujisikia, akasema, "Panda juu zaidi, madam. Nataka ionekane vile hii ridge yote, kilima chote, ni giza na ni mimi tu niko na taa."

Akapanda. Na haikuwa giza. Boma la pili, chini kidogo, lilikuwa na hema, na hema lilikuwa na taa.

"Hao wana wageni wa ntheo," Evanson akasema, amekasirika kidogo. "Binti yao mwalimu anachukuliwa. Wageni walichelewa kufika, ndio maana hawajaondoka."

Muthoki alikuwa na tabia ya kuhesabu dakika kwa sauti. Sasa aliacha kuhesabu katikati. Nikashusha macho, jambo ambalo sikutakiwa kufanya, nikatazama skrini. Kando ya hema, taa zikiimulika vizuri, kulikuwa na pikapu. Juu ya paa lake kulikuwa na duara jeupe.

Akanipa simu yake. "Mpigie Kiema. Weka loudspeaker."

Mikono yake haikutoka kwenye vidhibiti. Simu ikaita. Kwenye skrini mtu mmoja akatoka hemani, akatembea haraka hadi kwenye pikapu, akainamisha kichwa, na mwanga mdogo ukawaka sikioni mwake.

"Haloo, mama Mutindi."

"Uko wapi?"

"Niko Emali. Ndio tunashusha maembe saa hii, hawa watu wametuchelewesha sana."

"Kuna kelele."

"Ni soko. Wewe unajua Emali."

"Na mama?"

"Mama nilimwacha nyumbani amelala. Mgongo unamsumbua."

Wanawake walikuwa wametoka hemani wakiimba, wamepanga mstari, na aliyewaongoza alikuwa akicheza kwa kutupa bega la kushoto. Kabati nzima tunalijua bega lile. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa.

"Haya," Muthoki akasema. "Mungu akulinde njiani."

Nilikata simu. Nilitegemea alie, au aiangushe ile droni juu ya hema lao, na kweli mimi ningeiangusha, ningeitupa kama jiwe. Yeye akamuuliza Evanson kama angependa mzunguko mwingine upande wa lango kabla mbingu haijafifia. Akampigia mzunguko huo, mzuri kuliko wa kwanza. Akatua. Akafuta vumbi kwenye panga za droni, moja moja, akafunga sanduku. Evanson akatuletea soda na hakuelewa kwa nini hakuna aliyeinywa.

Tulikuwa tumepita mji wa Wote ndipo Muthoki akazungumza.

"Wale wanawake walikuwa wamejifunga leso za sare."

"Ndiyo."

"Zambarau na kingo za njano. Huku kwetu nimeziona duka moja tu."

Sasa na mimi niseme. Mama yake Kiema alikuja dukani wiki ya kwanza ya Novemba akaagiza leso kumi na mbili. Nilimuuliza kwa furaha kama hatimaye ni za kupeleka ntheo kwa akina Muthoki. Akasema hapana, Muthoki ni mtoto mzuri, lakini hao wa kamera wanazunguka usiku na wanaume wa watu. Kijana wake amepata mwalimu wa upande wa Makueni, mwenye mshahara. Akaniambia nifunge mdomo. Mimi, ambaye Kabati nzima inajua sijawahi kuufunga, niliufunga. Nilijiambia si ndoa yangu. Nilijiambia pengine itavunjika yenyewe. Na niseme ukweli wote, yule mama ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na kila mwaka sare zao hununuliwa kwangu.

"Uliziuza lini?" Muthoki akauliza.

"Novemba mwanzoni."

"Ulijua ni za nini?"

"Nilijua."

Akageukia dirisha. Nilianza kueleza, nikaeleza mpaka Machakos, na hata dereva akaona aibu akaongeza sauti ya redio.

Mtoto alikuwa Tulia kwa babu yake kwa ajili ya likizo, kwa hivyo Muthoki akaomba ashushwe huko. Ilikuwa karibu saa sita usiku. Baba yake, mzee Mwau, alitoka na tochi akiwa na koti juu ya pajama. Uwanja wake ulikuwa umepaliliwa mpaka kwenye lango, hakuna unyasi. Nilishuka nimsaidie Muthoki kubeba sanduku, lakini alikuwa amekwisha kulichukua.

"Mnatoka kazini saa hizi?" mzee akauliza.

"Tunatoka ntheo ya Kiema, baba," Muthoki akasema. "Amepeleka mbuzi Kalamba. Wayua ndiye aliyewauzia leso, mwezi wa kumi na moja."

Mzee akanigeukia. Alinimulika usoni na ile tochi, muda mrefu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ni mimi yule aliyekuwa akila kwake kila Pasaka. Kisha akaizima, akamshika binti yake mkono, wakaingia ndani wakafunga mlango.