Majina Tuliyoyakata kwenye Santuri ya Zaina

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ni siku niliyosimama mbele ya wanawake wa kijiji cha Marodoka, kule kisiwani Nosy Be.

Uhuru wetu Madagaska ulikuwa bado mbichi. Mimi nilikuwa msichana wa Mahajanga, mzaliwa wa mtaa wa Ampisikina, mjukuu wa Wakomoro, na kazi yangu ilikuwa kumwitikia mwimbaji Zaina. Nyimbo zake za kucheza mnazijua nyote. Wachache wanajua kwamba aliwahi kutoa santuri nzima ya nyimbo zisizo zake: nyimbo za harusi alizofunzwa na akina mama wa Marodoka, hasa Koko Mariamu, bibi aliyemlea.

Wanawake wa kwetu wana desturi. Ukitaka kuimba wimbo wa mwenzio harusini, kwanza unamtaja aliyeutunga, watu wanampigia vigelegele, ndipo unaanza. Zaina alifanya vivyo hivyo mbele ya kipaza sauti, kila wimbo na jina la aliyeutunga, nasi waitikiaji tukipiga vigelegele.

Kisha akaenda mji wa Diego kuimba, akaniachia mimi nimalize kazi na fundi wa sauti, kwa kuwa nilijua Kifaransa. Fundi akauliza yale makelele ya mwanzo ni ya nini. Nikaona haya, mwanangu. Nilitaka tuonekane watu wa mjini. Nikamwambia si kitu, kata. Akakata kanda kwa wembe, jina baada ya jina, nami nikaandika kwenye jalada: Nyimbo za Zaina. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi utumwa huo niliuendea nikicheka.

Santuri haikuuzika. Lakini moja ilifika Marodoka, na Koko Mariamu akausikia wimbo alioutunga siku ya kumwoza bintiye, marehemu sasa, ukipita bila jina. Akatuma neno: Zaina asikanyage tena kwake, na radhi yake asiitarajie.

Zaina aliniuliza kulikoni. Nikasema labda majina yalikatwa na wale wa kiwanda cha santuri, huko Ufaransa. Aliniamini, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliacha kuimba. Alisema hawezi kufungua kinywa ilhali aliyemfunza amemnyima radhi. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho mwezi uleule. Nilimwambia ukweli, kisha nikapanda meli ya mizigo kwenda Nosy Be.

"Kwezi, Koko," nilimwamkia mlangoni, nikinyoosha mikono kwa adabu kama tulivyofunzwa. Hakuipokea. Nilimweleza yote huku yeye akichambua mchele. Nilipomaliza, akanijibu kwa Kikomoro.

"Wimbo wa kuazima, jina ndiyo asante yake. Asante yangu ulimpa nani?"

Akaweka ungo chini, akaendelea.

"Na usije kuninong'oneza mimi peke yangu. Uliwanyamazisha mbele za watu, utawataja mbele za watu."

Jumamosi kulikuwa na harusi. Gramafoni ikawekwa uani. Kabla ya kila wimbo niliinua sindano, nikasema nilichofanya, nikamtaja aliyeutunga. Baadhi walikuwa wamekwisha kufa, na mabinti zao walikaa palepale mkekani; walipiga vigelegele wakilia. Jina la Koko Mariamu lilikuwa la mwisho. Hakunisifu. Alisema tu, "Mwambie mwanangu aje."

Zaina alikwenda, akapewa radhi, akaimba tena miaka mingi. Alinisamehe, ila kazi ya kumaliza santuri hakunipa tena, na alikuwa na haki.

Basi, mwanangu, kuimba cha mwenzio si aibu. Hata haya maneno yangu mengi ni ya wengine. Aibu ni kukivaa kama chako, maana nguo ya kuazima haisitiri matako. Pishi ulilofunzwa na mama mkwe, sema ni lake. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani.

Mungu akupe sauti nzuri, akupe na wa kukufunza. Na siku utakapokuwa hupo, akujaalie mtu wa kukutaja.