Mchana Ambao Magesa Hakuwa na Kivuli

Hebu fikiria ua mdogo wa nyumba ya kupanga huko Mwisenge, Musoma, mchana wa mwezi Machi. Mawingu ya mvua yamekaa mbali juu ya ziwa, lakini hapa uani jua ni kali na udongo una moto. Mtoto wa miaka mitatu amesimama katikati ya ua, amevaa shati tu. Mbele yake bibi kizee amepiga magoti, anapapasa udongo kama mtu aliyedondosha shanga. Mtoto huyo ni mdogo wangu, Magesa. Anayepapasa ni bibi yetu, mama yake baba, na anachotafuta ni kivuli cha mjukuu wake.

Nilipokuwa mtoto, kivuli hakikuwa kitu cha kuchezea nyumbani kwetu. Bibi alitufundisha kwamba kivuli ni mwenzako uliyezaliwa naye, na mtu akikaribia kufa, mwenzake hutangulia. Kwa hiyo hatukukanyagana vivuli. Mgonjwa alitolewa nje kila asubuhi, akaegemezwa ukutani, na Bibi alikitazama kivuli chake kabla hata ya kumpa uji. Kikiwa cheusi na kirefu, alitabasamu. "Mwenzake yupo. Mpeni ale."

Mwaka huo Magesa aliugua surua, na surua ikamwachia nimonia. Ilikuwa ile miaka ya shida, watu walipopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na hospitalini dawa zilikuja na kuisha bila taarifa. Muuguzi alimwonya Mama asikose hata sindano moja, kwa sababu zikikatizwa hakujua kama zingepatikana nyingine za kuanzia upya. Baba alikuwa kazini Bunda, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Bibi ndiye aliyetoka Butiama kuja kumsaidia Mama.

Jumamosi ninayoisimulia, Mama alitoka bado giza kwenda kwenye foleni. Asubuhi yote mawingu yalifunika jua, Bibi akashindwa kukitazama kivuli, akasema tungoje. Jua lilipojitokeza lilikuwa tayari utosini. Ndipo Magesa, ambaye kwa siku nyingi alibebwa hata kwenda msalani, akatoka mlangoni akishika ukuta, akatembea mpaka katikati ya ua, akasimama.

Bibi akatazama chini.

"Nyangeta," akaniita, "kiko wapi kivuli cha mdogo wako?"

Nikatazama mbele ya Magesa, nikatazama nyuma yake. Hapakuwa na kitu. Bibi akapiga magoti, akapapasa udongo, kisha akainuka bila kulia. Huko kutolia ndiko kulikoniogopesha. Aliingia ndani, akarudi na kitenge, akaanza kumfunga Magesa mgongoni.

"Lori la Butiama linaondoka sasa hivi. Mtoto wetu hafii kwenye nyumba ya kupanga."

"Na sindano yake ya jioni, Bibi?"

"Sindano imchome nani? Mwenzake keshaondoka."

Nilikuwa na miaka minane, lakini nilijua petroli ilivyokuwa adimu. Lori likifika Butiama lingeweza kukaa huko wiki nzima, na huko hakukuwa na zile sindano. Nikashika ncha ya kitenge, nikalia kwa sauti yangu yote.

Kilio changu kilimtoa jirani yetu Ramadhani, fundi cherehani. Alikuja na kanzu yake, birika la kutawadhia mkononi.

"Kuna nini, mchumba?" Siku zote alimtania Bibi hivyo.

"Leo niache na utani wako, Ramadhani. Mtoto hana kivuli. Jana kilikuwaga kirefu hivi!"

Fundi akatazama chini, akainua kanzu kidogo kama mtu anayevuka dimbwi. "Basi nitafutie na changu."

Hakikuwepo. Nikaangalia changu, hakuna. Nikaangalia miguu ya Bibi.

"Bibi, hata wewe huna!"

Bibi akageuka haraka, kama vile kivuli kimejificha nyuma yake. Akageuka tena. "Basi tumekwisha wote," akasema polepole.

Fundi akacheka mpaka maji yakamwagika. "Tumekwisha na kuku? Mtazame yule, naye hana. Mimi nangoja kivuli kianze kuchomoza upande wa mashariki ndipo niswali adhuhuri. Kuna siku kama leo kinapotea kabisa. Ngoja na mimi kidogo."

"Na lori?"

"Lori nalo halina kivuli. Liache likatafute chake."

Bibi hakumwamini, lakini alimteremsha Magesa. Tukawa tumeinamia ardhi, wote watatu, tukikodolea macho nyayo za mtoto. Hivyo ndivyo Mama alivyotukuta aliporudi na mche wake wa sabuni.

Yeye hakutazama chini.

"Magesa! Nani kamsimamisha?"

"Katoka mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe?" Akamgeukia Bibi. "Mama, mtoto amesimama mwenyewe na ninyi mnatazama udongo?"

Sabuni ikamdondoka. Akapiga magoti mbele ya Magesa, akamshika mashavu, akamwekea sikio kifuani. Magesa akainua mguu mmoja, kisha mwingine.

"Miguu inaungua," akasema.

Tulicheka wote. Bibi alicheka mpaka machozi aliyoyazuia yakatoka. Barabarani lori lilipiga honi, likaenda zake. Baada ya muda, upande wa mashariki wa nyayo za Magesa palitokea mstari mweusi, mwembamba kama uzi. "Huyo, amerudi," Bibi akasema. Jioni ile yeye ndiye aliyembeba Magesa kwenda kuchomwa sindano.

Baadaye nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nimewaeleza watoto wengi kwamba dunia huzunguka jua ikiwa imeinama, na kwa sababu hiyo jua la utosini huhama, mara kaskazini ya ikweta, mara kusini. Sisi wa mkoa wa Mara tuko kusini ya ikweta kidogo tu. Jua hilo hupita juu ya vichwa vyetu mwezi Machi, na tena Septemba likirudi. Siku hizo, kwa kitambo, kivuli cha aliyesimama wima hubaki chini ya nyayo zake.

Sijawahi kuwaambia kwamba Bibi alikuwa mjinga. Hakuwa na kipimo kingine cha kumpima mjukuu wake, na hicho alichokuwa nacho alikitumia kila asubuhi bila kuchoka. Ila siku ile alitafuta dalili ya kifo kwa bidii kiasi kwamba uzima ulipita mbele yake kwa miguu miwili, asiuone. Nami nilikuwa pembeni yake, nikitazama alikotazama yeye.

Magesa leo ana watoto wake. Nawe ukikaa na mgonjwa, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: kabla hujaanza kutafuta dalili, inua macho umtazame yeye mwenyewe. Huenda tayari amesimama.