Mwalimu Télesphore na Nafasi Nyeupe

Mwalimu Télesphore alikuwa mutu wa Butembo, murefu, mwembamba, na suruali yake ilikuwa imechoka kuliko yeye. Alipenda maulizo kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Lakini si maulizo ya kawaida. Yake ilikuwa ulizo moja na majibu ine, a, b, c, d, moja la kweli na matatu ya uongo, na mutoto anaweka musalaba kwenye lile analochagua. Hata Kahambu, muke wake, alimuposa vile. Alimupa karatasi: a, ndiyo, b, ndiyo kabisa, c, ndiyo, lakini niulize mama kwanza, d, ndiyo tangu mwaka jana. Kahambu akaweka musalaba kwenye c. Mimi sikuwepo, lakini naapa.

Mimi, bibi muzee ambaye wote wanamwita Koko, shule niliingia siku moja tu, siku ya mvua ya mawe, na walinitoa kabla mvua haijakatika. Lakini uongo naujua, ndiyo maana tulipatana na yule mwalimu. Alikuwa anapita kwetu jioni na kunisomea ulizo lake pamoja na majibu yote ine. Nikichagua la kweli bila kujua kitu, anapasua karatasi.

"Koko, umelijuaje?"

"Yale mengine yananuka, mwana wangu. Mutu gani atayaamini?"

"Basi uongo wangu ni mubaya," anasema, na anaenda kutafuta uongo mupya.

Tulikuwa tumefika Goma mwaka ule vita vilitufukuza Kalengera. Tulitembea kwa miguu, mimi, mujukuu wangu Umwiza, na kuku yangu iliyotangulia mbele kutuonyesha njia. Watu wazuri wa Keshero, mutaa wa Goma, walitupa pembe nyuma ya nyumba yao, juu ya mawe meusi ya volkano, mahali hata musumari hauingii. Umwiza alikuwa amemaliza klasi ya tano na alingojea kuingia ya sita. Bulletin yake, karatasi ya pointi zake, ilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ilibaki na askari.

Shule ya pale ilikubali kupokea watoto waliokimbia, lakini nani alikuwa klasi gani, hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha. Direktere, mukubwa wa shule, akamwomba Télesphore atengeneze examen, mutihani wa kupanga kila mutoto mahali pake. Akatengeneza, na akaweka sheria: jibu la kweli linaleta pointi moja, kosa linakula pointi moja, ukiacha nafasi nyeupe haupati na haupoteze.

"Sitaki mutu apige bahati," aliniambia, na alifurahi na sheria yake.

Matokeo yakatoka. Umwiza: klasi ya tatu.

Mutoto hakulia. Alikunja gauni lake la shule, akalirudisha kwa mwenye nyumba aliyemuazima.

"Koko, sikai na watoto wanaokojoa kwenye benchi. Jumatatu naenda soko la Birere kubeba mizigo."

Nilikuwa nimewaona wasichana walioenda Birere kubeba unga wa watu, kwa wiki moja tu, wanasema. Wiki ile haimalizike.

Nikaenda kwa Télesphore.

"Mujukuu wangu si wa klasi ya tatu."

"Koko, karatasi yake iko nyeupe. Ya wenzake wote waliokimbia pia. Niliwapa watoto wa hapa Keshero examen ileile, wao wamejaza yote, hata wasiyoyajua. Wenu hawajui."

"Muulize kwa kinywa."

Kesho yake alimukuta Umwiza kwenye bomba anangojea maji. Hakusema habari ya examen. Alisimama tu pale na kidumu chake, akaanza maneno ya hapa na pale: ukigawa shamba vipande vinane unapata nini, muto wa Rutshuru unaenda upande gani, chakula kinapita wapi tumboni. Umwiza akajibu yote huku anasukuma kidumu na muguu. Mwalimu akaja kwangu mbio, kidumu chake kitupu.

"Anajua. Anajua yote. Kwa nini hakuandika?"

Nilicheka, nikamupa hadisi ya njia yetu. Nilimwambia kwenye bariere ya kwanza, kizuizi cha njiani, askari waliuliza, munatoka wapi, muko watu wa nani. Jirani yetu Anastase alijibu haraka, na lile jibu halikuwapendeza. Walimutoa pembeni. Alitufikia wiki ingine Goma, bila viatu na bila ng'ombe. Pale nilimwambia Umwiza: kama haujui jibu gani wanataka, funga kinywa, mimi nitajibu. Akafunga. Na mimi nikajibu kwenye kila bariere, nikawaambia askari nabeba nyoka kwenye kikapu, kwamba nimekufa tangu asubuhi, kwamba mukubwa wao ni mutoto wa dada yangu. Tukafika na viatu vyetu.

Nilingojea acheke. Hakucheka.

"Koko," akasema polepole, "mimi pia nimewawekea bariere: ukikosa, unapoteza."

Akaenda kwa direktere siku ileile kuomba examen ingine bila ile sheria, nikamufuata nyuma. Direktere akasema sheria ikiondolewa, watoto watapiga bahati.

"Watapiga wote sawa, wa Keshero na wa Kalengera," Télesphore akajibu. "Ile ya kwanza haikupima nani anajua. Ilipima nani anaogopa."

Direktere akakuna shingo. "Munayo Ijumaa tu. Jumatatu kila mutoto anaingia klasi yake."

Sasa ilibaki kazi: kumwambia mutoto kama yule "usiogope" si kumutoa woga. Ijumaa asubuhi, kabla ya examen, Télesphore alinikalisha kwenye kiti chake. Yeye akakaa kwenye benchi katikati ya watoto, magoti yamefika masikioni.

"Koko, uniulize wewe," akasema.

Nikakohoa kama mutu aliyesoma. "Kuku yangu ilitoka Kalengera mpaka Goma. Ilifikaje? A, ilifuata nyuma yangu. B, ilipanda kwenye kichwa cha mbuzi. C, ilitangulia, na nilipofika ilikuwa imeshauza mayai Birere. D, tuliila njiani."

Alifikiri kweli, yule mutu. "B."

"Kosa. Ni c."

Watoto wa Keshero walikuwa karibu kucheka, lakini wetu walimukazia macho, wanangoja kuona atafanywa nini.

"Nimekosa," akasema. "Nani ananitoa nje?"

Akageuka kuangalia mulango.

"Viatu vyangu?" Akainua miguu. "Viko."

Nikamuuliza ingine, akakosa. Na ingine, akakosa vibaya zaidi. Nyuma kabisa mukono ukainuka. Ulikuwa wa Umwiza.

"Mwalimu, koko wangu anadanganya mara ngapi kwa siku? A, moja. B, kumi. C, mia. D, hadanganyi."

"D," akasema mwalimu, kwa heshima yangu.

"Kosa," klasi nzima ikajibu kwa sauti moja, wa Keshero na wa Kalengera, na wakacheka mpaka direktere akachungulia mulangoni.

Halafu akagawa karatasi mupya. "Leo kosa halili kitu. Usiyoyajua, toa kwanza yale unayoona ni uongo, uchague katika yanayobaki. Nafasi nyeupe sitaki."

Nilimuangalia Umwiza kupitia dirisha. Kalamu ilisimama hewani muda mrefu. Halafu ikashuka.

Jioni alirudi anakimbia juu ya mawe, karatasi mukononi, na kitu cha kwanza alichonionyesha si pointi zake.

"Koko, ona. Hapa nilikosa. Na hapa. Na hapa."

Aliweka kidole kwenye kila wino mwekundu kama mutu anayeonyesha ng'ombe zake.

"Na klasi?"

"Ah, klasi ni ya sita."

Nikakaa chini. Kuku yangu ikaja kukaa karibu yangu, nayo ikashusha pumzi, niliisikia. Umwiza akaenda kuomba tena lile gauni kwa mwenye nyumba. Jumatatu Birere walibeba mizigo yao wenyewe.

Télesphore bado anafundisha kule Keshero. Bado anapita kwangu jioni na majibu yake ine, na bado napasulisha karatasi.