Kikono cha Kushoto

Mwalimu Chiu ana sheria moja inayotuudhi sote: mwanafunzi akishapeleka mchoro wake karakana, marufuku kufungua mdomo. Hakuna kumweleza fundi, hakuna simu, hakuna kuchora hewani kwa vidole. Mchoro useme wenyewe. Amefundisha hivyo uchoraji wa kiufundi kwa miaka thelathini na mmoja katika shule yetu ya Hemei, kwa penseli na rula ya T, kwenye mbao ishirini na nne za kuchorea anazozipangusa mwenyewe. Mimi nafundisha hesabu, meza yangu imepakana na yake, na mtu mkaidi kumzidi sijamwona.

Mwaka huu mkuu wa shule, Bwana Liao, alikuwa ameshachoka naye. Alitaka chumba kile kiwe cha kompyuta.

"Mwalimu Chiu, nakupa nafasi moja," alimwambia mbele yetu. "Hekalu linataka kikono kipya cha machela ya kumbebea Mama Mazu, mungu wetu wa bahari. Wanafunzi wachore, fundi atengeneze. Kikiingia mahali pake, mbao zako zinabaki. Kisipoingia, nazitoa zote."

Kikono chenyewe ni chuma kinachoshika mpiko wa kubebea, na kilichovunjika kilikuwa cha kushoto. Darasa la tisa wakapima vipande vyake, na mchoro uliochaguliwa ukawa wa Ke Pei-chen, binti mwenye mkono mtulivu na mdomo usiotulia. Mwalimu Chiu akaukagua, akausaini, ukaenda kwa Fundi Hsiao.

Ijumaa asubuhi, siku ya kukichukua, nilimkuta Mwalimu Chiu amesimama mbele ya nakala ya mchoro, uso umempauka.

"Wei," aliniambia, "alama haipo."

"Alama gani?"

"Ya pembeni! Ile koni ndogo na duara zake. Nimesaini mchoro usio na alama!"

Hata mimi wa hesabu nilielewa. Sisi hapa Taiwan tumezoea kuuchora upande wa kulia wa kitu kulia kwa mchoro wa mbele. Ng'ambo ya mlangobahari, bara, upande huohuo huchorwa kushoto. Alama ile ndiyo humwambia fundi asome kwa desturi ipi. Na Fundi Hsiao alikuwa amerudi mwaka jana tu, baada ya miaka ishirini kwenye viwanda vya Dongguan, huko bara. Akisoma kama alivyozoea huko, kikono cha kushoto kingetoka cha kulia.

"Sasa si upige simu!"

"Sipigi."

"Mwalimu Chiu, acha ujeuri. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nimwambie Pei-chen afunge mdomo, halafu mimi niufungue wangu?"

Nilimkasirikia kweli. Nilimwita mpumbavu, tena kwa sauti, na yeye akaendelea kuchonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Hakugusa chakula chake cha mchana.

Saa kumi jioni tukaenda karakana: yeye, Bwana Liao, Pei-chen na mimi niliyejialika. Machela yalikuwa yameshaletwa na watu wa hekalu. Tulipoingia tu, Pei-chen akaokota kikono kilichokuwa sakafuni karibu na mashine, akakigeuza mara mbili.

"Mwalimu! Mbona hiki ni cha kulia?"

Bwana Liao akakohoa. Mwalimu Chiu akashika ukingo wa meza, nami nikamshika kiwiko.

"Weka chini hicho, binti, ni chuma chakavu," Fundi Hsiao akasema akitoka nyuma. "Nilikiharibu Jumatatu. Chenu hiki hapa."

Akapiga magoti, akakisukuma mahali pake, akakaza skrubu mbili. Kikaingia bila kugongwa nyundo. Nilishusha pumzi ndefu hivi kwamba Bwana Liao aligeuka kunitazama.

"Ulijuaje?" Mwalimu Chiu akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilianza kama kule bara. Nikafika kwenye huu mfuo, huu mfereji mdogo wa ubavuni." Akaugusa mchoro kwa kidole chenye grisi. "Mchoro wa mbele unasema mfuo uko kushoto. Kama huu mchoro wa ubavu ungekuwa wa kutazamia kushoto, kama wa bara, ningeuona mfuo wazi, kwa mstari mzima. Lakini hapa umechorwa kwa vipande vipande, maana yake umejificha nyuma. Nikajiambia, Hsiao, umesimama upande usio wako. Nani kachora hivi vipande? Vyote sawasawa, hata kimoja hakijazidi."

"Mimi!" Pei-chen akaruka. "Alinifanya nivirudie mara sita!"

Bwana Liao alikuwa ameanza kutabasamu. Yote yalikuwa yamekwisha salama, nikadhani. Nikamfinya Mwalimu Chiu anyamaze. Hakunyamaza.

"Mkuu, kuna kosa. Alama ya pembeni haipo, na mimi ndiye niliyesaini."

Nilitamani kumziba mdomo. Bwana Liao akamwangalia, akauangalia mchoro, akakitikisa kikono kwa mkono wake. Hakikucheza.

"Kwa hiyo mwalimu kakosea, na mchoro bado umesema?"

"Umesema," Fundi Hsiao akajibu. "Tena umenigombeza."

"Basi mbao zibaki."

"Mwalimu," Pei-chen akadakia, "na wewe utaichora hiyo alama mara hamsini, kama sisi tukiisahau?"

"Mia," Mwalimu Chiu akasema, akajibwaga juu ya ndoo ya mafuta, akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi nilikuwa nalia tu.