Kofia ya Kichwa Kingine

Fundi cherehani hakuvunjwa na mkono uliotetemeka. Alivunjwa na huzuni iliyofuata. Alikaa kwenye kiti akitazama ukuta, hakumkaripia hata mteja mmoja, yeye ambaye wateja walimwita Pilipili. Daktari alisema huzuni hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa uleule wa kutetemeka, imo ubongoni, na mashine ya sumaku ingeweza kuamsha sehemu iliyolala. Siku ishirini mfululizo.

Binti yake, mwalimu, alitumia likizo yake yote kumpeleka. Fundi alikwenda kwa kuburutwa.

Siku ya kwanza mtaalamu wa mashine, bwana mwenye haraka na mdomo mrefu, alimpima kichwa kwa futi ya kushonea, akamvalisha kofia ya kitambaa na kuiwekea alama mahali pa kuelekeza sumaku. Kuanzia siku ya pili alichomoa tu kofia kwenye droo, akamvalisha, mashine ikagonga ta-ta-ta, fundi akarudishwa nyumbani vilevile.

Siku ya kumi na moja daktari alishusha pumzi. “Labda haimsaidii. Tuache.”

“Baba, hata wewe jitahidi basi,” binti alisema kwa hasira.

“Kofia si yangu,” fundi akajibu.

Mtaalamu akacheka. “Mzee, kofia zote ni zilezile.”

Hapo damu ikamchemka fundi. “Zilezile? Nimekata nguo miaka thelathini, wewe unaniambia zilezile? Hii inanipwaya vidole viwili. Alama yako iko karibu na sikio, mpuuzi wewe.”

Daktari aliigeuza kofia. Ndani palikuwa na jina la mgonjwa aliyemaliza tiba mwezi uliopita. Mtaalamu akanywea, daktari akamtimua chumbani.

Binti hakumtazama mtaalamu akitoka. Alimtazama baba yake.

“Ulijua lini?”

“Siku ya pili.”

“Na ukanyamaza. Siku zote hizi nakuamsha, nakuogesha, nakuvalisha viatu.”

“Nilikuwa nasubiri uchoke,” fundi alisema. “Ungechoka, mngeniacha.”

Binti alichukua futi mezani, akaitupa mapajani mwa baba yake.

“Jipime kofia mpya mwenyewe. Ukikosea, unarudia.”

Fundi alimtukana kimoyomoyo. Kisha akaizungusha futi kichwani. Mkono ulitetemeka, futi ikateleza, akaanza upya. Binti alisimama amekunja mikono, hakumsaidia.